Honi ya Marehemu Mume Wangu Inauzwa Ndanai

Kaplong, Bomet

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa sheria,

KUH: MCHEZO WA LORI ULIOONGEZEWA MAMBO NA VINNY

Natumaini hujambo, wewe na wote mnaofanya kazi hapo. Mimi ni Abigael, mkulima wa majani chai na mjane wa Kipchirchir, aliyeendesha lori la majani chai miaka ishirini na sita bila kulipindua hata siku moja. Naomba unijulishe kama sheria inamruhusu Vinny, fundi wa simu wa Ndanai, kufanya anayoyafanya.

Kuna mchezo wa simu wa kuendesha malori, na wenyewe wako ng'ambo. Vinny ameuongezea barabara zetu, vituo vyetu vya kupimia majani, na lori la marehemu. Nyongeza hiyo anaiuza shilingi mia mbili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wenye mchezo wameandika kwamba mtu anaweza kuuongezea vitu akipenda, ila asiviuze. Mwanangu Nicholas alinisomea mara mbili. Vinny anadai hauzi mchezo, anauza jasho lake. Basi na mimi nitapanda chai kwenye shamba la jirani, niuze jasho.

2. Honi ni ya marehemu. Mbili fupi na moja ndefu, alikuwa akipiga langoni ili nibandike maji ya chai. Vinny alikuwa utingo wake, ndiyo maana anaijua. Hakuniomba ruhusa.

3. Wanunuzi hawana leseni. Wiki iliyopita pekee mume wangu ametumbukizwa mtoni mara kumi na moja. Dorcus, mke wa mchungaji, alimtumbukiza mara mbili, kisha akaja kunipa pole na mkate. Naomba kila anayepindua lori aandikishe taarifa polisi.

4. Lori likikwama kwenye tope, hakuna mkulima anayetoka kulisukuma. Huko ni kutuchafulia jina. Sisi tumelisukuma hata tukiwa na nguo za kanisani. Watu wa ng'ambo watatuonaje?

5. Hili ndilo linaloniuma. Lori linapita kwetu bila kusimama, hata lango halimo. Kipchirchir hakuwahi kupita. Nilipoliona likipita kwenye simu ya Nicholas nililia, Mhariri, na mimi si mtu wa kulialia.

Kwa hivyo naomba Vinny ashtakiwe, nyongeza ifutwe kwenye kila simu kutoka Mulot hadi Kaplong, na honi irudishwe kwangu kwa maandishi.

Wasalimie wa nyumbani kwako, wapiga chapa, na askari wa getini.

Ni mimi ninayedai haki yangu,
Abigael

N.B. Tafadhali usiichapishe barua hii kwanza. Nilikwenda kumwonya Vinny, na katika kumwonya nikamweleza lango letu liko upande gani. Ameliweka, pamoja na taa ya jikoni. Nimemlipa mia mbili, na hamsini ya taa. Sasa lori linasimama. Ikibidi kufuta, anzeni na simu ya Dorcus. Yangu iacheni, nimeshabandika maji.