Safari ya Bure Hadi Longido

Leo nimepatikana. Wale mliosoma mpango wangu wiki jana, kaeni chini kwanza.

Mnakumbuka nilivyojigamba hapa. Kwamba naenda kujitolea kufundisha Longido, Tanzania, na likizo zikifika nitatembea kwa barabara mpaka Malawi na pesa kidogo tu. Nilisema nauli ni ya watu wasiojua kupanga. (Nilisema. Msinikumbushe.) Hatua ya kwanza ilikuwa lori la jirani yetu Lemayian, ambalo hushusha vitunguu soko la Kitengela na kurudi Arusha tupu. Angenibeba bure hadi Namanga, mpakani. Shule nayo ilishaniambia nisiporipoti Jumatatu, nafasi anapewa mwingine.

Sasa, kwetu mtu hatoki nchini bila kuombewa. Asubuhi Mama ameleta kina mama wa kanisa, sebule nzima, na Pasta. Pasta akasema nitoe pasipoti, nayo iombewe. Ndani nilikuwa nimeweka kitambulisho na barua ya shule, ili visipotee. Ikapita mkono kwa mkono, kila mama akaishika na kuiombea. Mimi nilikuwa nimefumba macho kama mtu mwenye adabu.

Lori likapiga honi. Shangazi Beatrice akanipa kikapu cha kuku wa kukaanga.

"Hii usiache mahali," akaniambia. "Nimekuwekea kila kitu."

"Sawa, Shangazi."

Nikapanda, wakaimba mpaka tukapotea machoni.

Njia yote nilijua pasipoti iko mfukoni, kwa hivyo sikuangalia. Namanga, Lemayian akasema yeye anaingia laini ya malori, mimi niende ya watu. Hapo roho ikanisuta. Mtu amenibeba kutoka Kitengela bila kuitisha chochote. Pesa sitoi (mpango ni mpango), nikampa kikapu.

"Chote?"

"Chote, ndugu yangu. Ni asante."

Lori likavuka. Mimi nikafika kwa ofisa.

"Pasi."

Mfukoni nikatoa kitambaa na kichana. Kwenye begi, mashati. Nikarudi mfukoni, labda sikuangalia vizuri. Kichana bado.

"Unaenda wapi?"

"Longido."

"Na ulikuwa unataka kufika aje?"

Pasipoti nilikuwa nayo asubuhi, na kanisa zima ni shahidi. Nikampigia Mama. Nikawasikia wakibishana huko nyuma: huyu alimpa yule, yule akampa Pasta, Pasta akampa Shangazi. Shangazi akachukua simu, ametulia kabisa.

"Si iko kwa kikapu, chini ya kuku. Wewe unasahaunga vitu, lakini kuku huwezi sahau."

"Shangazi, kikapu nimempa dereva."

"Umempa dereva kuku wangu?"

Simu ya Lemayian haikushika, alikuwa ashaingia Tanzania. Nikarudi Kitengela kwa nauli, tena nikiwa na njaa. Kina mama walikuwa bado sebuleni wanamalizia chai. Nilipofungua mlango, kikombe kimoja kikabaki hewani. Nilitamani sakafu inimeze. Pasta akauliza kwa upole kama nimerudi na ushuhuda.

Nimekimbilia hapa saiba, kwa kompyuta za kulipia, nijifiche. Sasa hivi simu imelia, namba ya Tanzania. Ni mwalimu mkuu wa Longido.

"Mwalimu, pole na safari. Dereva mmoja aliona barua yetu ndani ya pasipoti yako, akatuletea vyote. Pasipoti ina mafuta mafuta, lakini tumeianika. Sasa, mwenyewe uko wapi?"

Nimemwambia niko njiani. (Niko njiani. Kiti kinaangalia upande wa Namanga.) Jumatatu inakuja, na sijui naanzia wapi.

Kwa hivyo msiseme mpango ulikuwa mbaya. Safari ya bure hadi Longido inawezekana kabisa. Ni vile tu mimi sikuwemo.