Fulgensi na Mlimau wa Mkewe

Njoni, enyi watu wa Idete, nanyi waendesha bodaboda wa Ifakara zimeni pikipiki zenu, mpate kusikia habari za Fulgensi, simba wa bustani, mshika jembe asiyeshindika, na siku ile aliyoingia vitani peke yake!

Fulgensi aliona kwenye simu, katika orodha ya picha za muuzaji wa mbali, mche mmoja uzaao machungwa, maembe na zabibu kwa pamoja. Moyo ukamruka. Akaung'oa mlimau wa mkewe Restituta ili kumpisha mgeni huyo mtukufu, kisha akaagiza. Bi Hajira, mwenye kitalu cha miche kando ya barabara, alipomcheka, shujaa akanuna. Wiki tatu akapita pale bila kumwamkia, mama wa umri wa mama yake mzazi! Loo, ukaidi gani huo!

Siku moja basi la abiria likaleta kifurushi. Ndani mlikuwa na kijiti. Akakipanda, akakimwagilia, akakilinda na mbuzi asubuhi na jioni, nacho kikakaa kikavu, hakina hata jani la kusingizia.

Ndipo Restituta, malkia wa jiko, aliposimama mlangoni na kuhutubu: "Ewe mume wangu, mla zabibu za kwenye simu! Mimi samaki bila limau sipiki. Mlimau wangu usiporudi leo, huyu kambale utamla mbichi!"

Shujaa akasalimu amri, maana alimpenda kambale kupita kiasi. Akapanda baiskeli, akakanyaga hadi kitaluni huku jasho jembamba likimtoka.

"Nataka mche wa mlimau!" akanguruma.

Bi Hajira hakuinua kichwa. Aliendelea kujaza vifuko udongo uliochanganywa na pumba za mpunga. "Mbona sijasikia mtu akiingia?" akasema.

Hapo vita vikapamba moto. Masharubu yakamcheza. Mara mbili akafungua kinywa, mara mbili akakifunga. Kisha, jamani, Fulgensi akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Si ungesema tangu siku zile? Chukua huu, una mizizi ya kutosha. Na haya malimau mawili mpelekee mkeo, ya mchana huu."

Basi waandishi na waandike, na watoto wafundishwe: siku ya Alhamisi, kabla ya adhuhuri, Fulgensi wa Idete aliamkia, akaitikiwa, na mchana ule ule akala kambale aliyepikwa.