Ombi la Lango kati ya Enzi ya Kale na Enzi Mpya

Kwa Ndugu Msimamizi Mkuu wa mchezo wa Ngome ya Mawingu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umeshakula, na huna haraka ya kwenda popote. Mimi ni Tak Jeomsun wa hapa Daegu, mama wa mtoto mmoja aitwaye Garam. Katika mchezo wenu najulikana kama Malkia wa Figili, naibu kiongozi wa chama cha Makaa. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu nilipowapigia simu, binti mmoja mwenye sauti tamu aliniambia, "Mteja wetu mpendwa, jaribu kuzima halafu uwashe tena." Nikamwuliza, "Nimzime mume wangu?" Akakata simu. Simlaumu, ni mtoto wa watu na yuko kazini.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu tangazo lenu. Mlitangaza kwamba mchezo utagawanyika: Enzi ya Kale, yaani mchezo kama ulivyokuwa miaka ya mwanzo, na Enzi Mpya, yenye mabawa na farasi wanaong'aa. Kila mchezaji achague upande mmoja, na akishachagua harudi nyuma. Tangazo hilo mkalitoa wiki ya kutengeneza kimchi ya majira ya baridi. Ndugu, una mama? Wiki hiyo mama yako alikuwa ameinamia beseni la kabichi, pilipili imempanda hadi viwikoni, kama sisi wote. Nani anaamua jambo la maana akiwa katika hali hiyo? Mume wangu alipita mlangoni mwa jiko akasema, "Kale." Nami, kwa kuwa hakuniuliza bali alinitangazia, nikasema, "Mpya." Hayo ndiyo mashauriano tuliyofanya.

2. Kuhusu mume wangu. Anaitwa Pyo Deokgu, amestaafu kutoka kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Wanaume wa huku kwetu unawajua. Wakirudi nyumbani huwa na maneno matatu tu: "Mtoto?" "Chakula." "Tulale." Garam alipohamia Seoul, yakabaki mawili.

Lakini ndani ya mchezo wenu, Ndugu Msimamizi, mtu huyo ni msemaji! Chama chetu kina kanuni kwamba wa daraja la chini humwamkia wa daraja la juu bila kujali umri, na mimi nimemzidi daraja. Kwa hiyo kila asubuhi ananiandikia: "Shikamoo, Mheshimiwa Naibu. Natumaini umelala salama." Usiku kucha alikuwa ubavuni mwangu, anajua nilivyolala. Lakini ameuliza!

Mwanzoni sikujua kwamba ni yeye. Garam aliniwekea mchezo huu nisije nikaumwa na upweke, na baba yake akajiunga kimyakimya kwenye kompyuta ya chumba cha pili kwa jina la Jiwe Jeusi. Siku moja tumekaa kwenye moto wa kambi, sote tunasubiri majeraha yapone, Jiwe Jeusi akaandika kwa adabu kubwa kwamba mke wake ni mpishi hodari, ila siku hizi supu yake ya maharage inazidi chumvi, naye hajui amwambie vipi bila kumwudhi. Supu hiyo ilikuwa yangu. Kisha nikainuka, nikaenda jikoni, nikaongeza maji kwenye sufuria. Jioni hiyo akala bakuli mbili, akasema, "Mm." Kesho yake, kwenye moto, akaniandikia: "Asante kwa supu, Mheshimiwa Naibu," nikajua naye amenijua.

Tangu hapo nyumba yetu imeendeshwa kutoka kwenye moto ule. Hapo tulikubaliana kununua godoro jipya. Hapo alikiri, mbele ya chama kizima, kwamba daktari anataka kumpima moyo na yeye anaogopa. Nilimwandikia kwamba nitakwenda naye, na wenzetu wakawasha fataki. Sisi tulikuwa tumetenganishwa na ukuta mmoja, kila mtu kwenye kompyuta yake, na mimi nilikuwa nalia.

3. Kuhusu Enzi ya Kale. Huko kila mtu anaanza daraja la kwanza, anatembea kwa miguu mji hadi mji, na akifa anadondosha alichovaa. Wapenzi wake wanasema hiyo ndiyo raha yenyewe. Nimewachunguza watu hao. Ni wale wale wanaosema kimchi ya mama zao ilikuwa tamu kuliko ya wake zao, na katika maisha yao hawajakata kabichi hata moja. Isitoshe, mkinirudisha daraja la kwanza, mume wangu aliyenizidi umri atakuwa na sababu gani ya kuniamkia? Mimi ndiye nitakayemwamkia yeye, kama kawaida ya nyumbani. Cheo nimekipata kwa jasho na kwa maumivu ya kiwiko. Sikiachii.

4. Kuhusu Enzi Mpya, ambayo niliichagua mwenyewe na kwa hiyo nina haki zaidi ya kuilalamikia. Huko shujaa anajiwindia. Nabonyeza kitufe kimoja, anakimbia, anaua, anaokota, anauza, anajiganga. Mimi nimebaki mtazamaji. Moto wa kambi mmeuondoa, kwa kuwa hakuna tena anayengoja kupona. Nilisimama katikati ya uwanja mkuu nikasalimia watu, hakuna aliyeitika; kila mmoja ameshabonyeza kitufe chake akaenda kazini. Aliyejibu ni Kipepeo peke yake, mwenzetu wa chama, fundi mabomba wa Ulsan mwenye mabega kama kabati.

"Mama Garam, mi niko juu ya paa la mtu hapa, shujaa wangu anajipigania mwenyewe. Vipi, nasikia mzee kaenda Kale. Ndo mmeachana?"

Nilimjibu kwamba hatujaachana, tumegawanywa na kampuni.

5. Kuhusu hali ya nyumbani. Tangu Kale ifunguliwe, mume wangu anajifungia chumbani kwake, anatoka kula, anarudi. Juzi nilimwuliza kama figili nizikate nyembamba au nene. Ni jambo ambalo zamani tungelijadili mpaka Kipepeo naye akaingilia. Akasema, "Mm." Sasa hiyo ni mm ya nyembamba au mm ya nene? Nikampigia Garam.

"Mama, si mko nyumba moja? Fungua mlango umwulize!"

"Nikifungua nitamkuta baba yako. Mimi namtaka Jiwe Jeusi."

"Jamani! Nyie wawili mtaniua."

Alicheka, lakini mimi sikucheka. Wiki ijayo ndiyo miadi ya hospitali. Sijui kama bado anaogopa, sijui kama bado anataka niende naye, na sina pa kumwulizia akanijibu kwa sentensi nzima. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Ndugu Msimamizi, mengine yote ningeyavumilia.

6. Kuhusu mnachotakiwa kufanya. Naomba mfungue lango kati ya Kale na Mpya. Kama lango ni gharama kubwa, wekeni moto mmoja tu wa kambi, nusu yake huku na nusu yake kule, watu wakae waonane. Kama moto nao ni shida, basi mtume mtumishi wenu mmoja aje akae sebuleni kwetu, kati ya vyumba viwili. Atapokea neno la mume wangu, ataliongezea heshima na vitenzi, kisha ataniletea. Atavua viatu mlangoni na atakula tunachokula. Sharti langu ni moja, asiwe mtu wa Daegu.

Na kama hilo pia mnaona ni kubwa, basi mchukueni mume wangu. Mhifadhini huko ofisini pamoja na akaunti zilizolala, mpaka mtakapopata ufumbuzi. Hana makuu. Ukimpa kiti na kikombe cha kahawa hutajua kama yupo. Kimchi yake nitakuwa nawaletea mwenyewe, na nyinyi mtaonja.

Naamini utalitazama ombi hili kwa jicho la huruma. Wasalimie wote ofisini, hasa yule binti wa simu. Msalimie na aliyebuni farasi anayeng'aa, umwambie macho yananiuma. Mama yako mpe pole ya kabichi.

Mimi niliyegawanywa,
Tak Jeomsun
(Malkia wa Figili, Naibu Kiongozi, chama cha Makaa)

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha, nimeichana tena. Mume wangu katoka chumbani kwake amefura, kavaa glavu za mpira bila kuambiwa na mtu, kakaa upande wa pili wa beseni la kabichi zilizobaki nilizokuwa nazipaka, kaanza: "Mama Garam, hebu sikia we! Mbwa mwitu! Niko kwenye ile njia ya msituni, natembea zangu, wamenitokea kundi zima, wameniua, wamenidondosha viatu! Viatu nimehangaika navyo toka juzi! Na hakuna hata mtu wa kupigia kelele, maana wajinga wote mmekimbilia huko Mpya!"

Nikasema, "Pole, baba." Sikupata nafasi ya kusema lingine. Kutoka kwenye viatu kaenda kwa mbwa mwitu tena, akaingia kiwandani, akaeleza jinsi mashine zilivyokuwa zinapiga kelele hata mtu ukiongea unajichosha bure, na ndiyo maana alizoea kunyamaza. Hilo sikuwahi kulisikia katika ndoa yetu yote. Kisha akasema, huku anaipaka kabichi pilipili bila kunitazama, "Jumanne kule hospitali twende wote bwana. Mi naogopa."

Nimefurahi mpaka kabichi moja nimeipaka mara tatu. Shujaa wangu huko chumbani anajiwindia, na mimi masikio yangu yako huru. Beseni limekwisha na mume wangu bado anasema. Hata sasa ninavyoandika anasema.

Kwa hiyo, Ndugu Msimamizi, ombi langu nalifuta. Lango msilifungue kamwe, hata nikija kulia mlangoni kwenu. Ila kwenye ile njia ya msituni, tafadhali sana, ongezeni mbwa mwitu.