Serikali Yangu ya Posti ya Stima

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mama Ciru amepima kibanda changu kwa kamba. Mchana kweupe, watu wakiona. Ameanzia kwa posti ya stima, hii nguzo ya umeme, akavuta mpaka kwa kochi la Pasta, mteja wangu, akafunga fundo, akaandika kitu kwa kiganja. Nilimuuliza anapima kaburi la nani. Akasema nitulie, Jumamosi naibu wa chifu anakuja, nitajua.

Kutulia! Mimi Khamala, fundi wa makochi miaka kumi na mmoja hapa Kawangware, niambiwe nitulie na mtu wa chapati. Kibanda chake na changu vinagusana. Jina lake ni Wakarima, na ndiye mwenyekiti wa Nyumba Kumi, yaani akikohoa, nyumba kumi zinasema pole. Najua anachotaka. Anataka kupanua jiko.

Mvua ya masika iko karibu. Kochi likinyeshewa, sponji inanuka na mteja hachukui. Bila kibanda sina kazi, na bila kazi ni kurudi Kimilili kwa kaka yangu. Siku naondoka aliniambia atanitunzia jembe. Bado analo. Sirudi.

Sella, mke wangu, anasema nimuulize Mama Ciru vizuri hiyo kamba ni ya nini. Nimuulize kama nani? Mshtakiwa?

Jumanne, 11 Machi

Pasta amekuja kuulizia kochi lake. Nikamwambia gundi inapumzika. Akakaa kwa ndoo, akaanza kukumbuka kwao. Huyu ni Mnigeria, amezaliwa Lagos, sehemu inaitwa Mushin. Anasema kule kila sehemu ina serikali yake ya mtaa. Mushin ina yake. Kuna Mwenyekiti, kuna ofisi, masoko ni yao, takataka ni zao. Mwenyekiti akipita watu wanasimama.

Halafu akasema jambo. Katiba yao inatambua serikali ishirini za mitaa pale Lagos, lakini jimbo likaongeza mabaraza mengine thelathini na saba.

Nikaacha kugonga misumari. Waliongeza tu?

Akasema ni hadithi ndefu, kulikuwa na sheria, na bunge la jimbo, na kesi mpaka mahakama kubwa kabisa. Hapo sikumsikia vizuri. Nilikuwa nimeshika stepla tena.

Waliongeza. Basi na mimi naongeza. Serikali ya Mtaa ya Posti ya Stima, kuanzia kwa posti mpaka kwa choo cha ploti. Mwenyekiti, Khamala. Jumamosi naibu wa chifu atakuta si fundi wa kusukumwa, ni kiongozi mwenzake. Nyumba Kumi ni nini mbele ya serikali nzima?

Jumatano, 12 Machi

Muhuri uko tayari. Fundi wa mihuri aliuliza hii ofisi iko wapi. Nikamwambia iko juu ya kochi kwa sasa. Hakuuliza tena. Nimegonga muhuri kwa daftari, kwa ukuta, chini ya kochi la Pasta. Sella ameukuta kwa mkate. Aliuliza kama muhuri unazuia mvua. Mwanamke huyu hajawahi kuwa na maono.

Serikali inataka watu. Nimechukua daftari na kalamu, nikaenda nyumba kwa nyumba kuandika majina. Nilidhani nitabembeleza. Wapi! Mlango wa kwanza ulikuwa wa Nasipwondi, anayefulia watu nguo. Aliuliza ni ya nini. Nikasema ni ya serikali. Akauliza serikali gani. Nikasema ya karibu na wananchi, inakuja Jumamosi, hapo kwa kibanda changu. Akanipa jina lake, la bwana yake, la dada zake wawili, na la mjomba ambaye mimi mwenyewe nilichangia mazishi yake. Huo ndio uzalendo.

Nilipofika mlango wa nne foleni ilikuwa inanifuata. Watu wana fotokopi za kitambulisho. Shosho mmoja, bibi kizee, aliniuliza kama asiye na kitambulisho ataangaliwa. Nikamwambia serikali yangu haimwachi mtu nyuma. Alinishika mkono na kunibariki kwa Kikuyu, kwa muda mrefu. Mimi pia machozi yalinilenga.

Alhamisi, 13 Machi

Majina mia moja arobaini na matatu. Leo wengine wamekuja kutoka hata Kibera, Kisumu Ndogo, kwa miguu. Habari njema haihitaji redio. Jamaa wa Kambi Muru, huko huko Kibera, aliuliza kama mtu aje na gunia lake. Nikaona huyu ni mnyenyekevu, anataka kukaa chini. Nikamwambia aje nalo, na awaambie wenzake.

Jioni Mama Ciru akaja, mikono bado ina unga wa ngano. Akaniuliza kama nimewaeleza watu hasa hii orodha ni ya nini. Akaniita Baba Mitchelle, kwa jina la mtoto wangu, akasema hapa mtu akipita na daftari na kalamu akiandika namba za vitambulisho, watu wanajua ni unga wa msaada. Akasema niwaambie mapema kabla ya Jumamosi.

Wivu. Wivu mtupu. Mwaka mzima anaita mkutano wa Nyumba Kumi wanakuja watu wanne, na mmoja ni Ciru, mtoto wake. Nilimwambia watu wangu wana njaa ya uongozi. Akaniangalia, akarudi kwa chapati zake.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeandaa hotuba. Sella amekataa kuisikiliza. Pia nimehamisha magunia sita ya vipande vya sponji kuyaweka ndani ya kibanda, nikafunga mlango kwa waya, ili uwanja uonekane safi kwa wageni. Kiongozi huona mbali.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwa ndoo. Ndoo ndiyo imebaki.

Saa moja asubuhi walikuwa wameshajaa mpaka kwa choo. Gunia, beseni, mwingine na mkokoteni. Nilifurahi kama mjinga. Saa nne naibu wa chifu akafika na Mama Ciru, pamoja na Mzee Muiruri mwenye ploti. Sikungoja salamu. Nikapanda juu ya kochi la Pasta, nikasema ndugu wananchi, leo tumezaliwa. Wakapiga makofi. Nikawaeleza habari za Mushin. Nikasema kule walianza na ishirini, wakaongeza thelathini na saba. Makofi mengi zaidi. Mzee mmoja akauliza kama kilo thelathini na saba ni za wenye familia kubwa.

Nikasema si kilo. Ni serikali.

Halafu Nasipwondi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeacha nguo za watu kwa maji, kama si unga, mbona mlango umefungwa kwa waya. Mtu akachungulia kwa tundu la mabati. Akatangaza kuna magunia sita.

Haikuchukua dakika kumi. Mabati matano, mbao zote, turubai, mlango. Walipofungua wakakuta ni sponji, walibeba sponji. Wengine walibeba mabati. Nilipiga kelele kwamba mimi ndiye Mwenyekiti, na hilo halikusaidia. Kochi la Pasta liliokolewa na yule shosho asiye na kitambulisho, ambaye alikaa katikati yake na kukataa kuinuka.

Aliyewatuliza ni Mama Ciru. Alipiga sufuria kwa mwiko mara tatu, akawaambia unga haukuwepo, fundi amekosea, wazee na wenye watoto waje wachukue chapati na chai. Alizimaliza zote, mauzo ya siku nzima. Watu wakaketi juu ya magunia yao wakala. Kisha mtu akasema kama ni mwenyekiti, si ni huyu? Mikono yote ikaenda juu. Serikali yangu ilikuwa na umri wa saa moja ikapinduliwa. Naibu wa chifu akaomba muhuri, akautia mfukoni, akasema nishukuru anakwenda na muhuri peke yake.

Halafu nikajua habari ya kamba. Mzee Muiruri alikuwa amekubali kuweka paa moja refu juu ya vibanda vyote viwili, na sakafu ya simiti, kabla ya mvua. Mama Ciru amembembeleza tangu Januari. Kamba ilikuwa ya kupima mabati. Naibu alikuja kushuhudia tu. Upande wangu ulikuwa umezidi wake kwa futi mbili.

Mzee Muiruri akasema sasa basi, yeye hajengei mtu mwenye serikali yake. Nikafikiria lile jembe. Mama Ciru akamvuta kando, wakaongea Kikuyu. Akarudi akasema nitapewa nafasi, lakini kesho nipite kila mlango nilioandika jina, niombe msamaha. Sella alisema asante kwa niaba yangu. Mimi nilisema tu kwamba jambo kama hilo huandikwa barua mapema.

Jumapili, 16 Machi

Pasta amepita baada ya ibada. Amegeuza kochi akaona muhuri chini. Akacheka mpaka akashika posti. Alipokuwa anaondoka nikamuuliza kule kwao Mwenyekiti akikosea anatolewaje. Akasema kwa kura, Khamala, kule wenyeviti hupigiwa kura. Hilo hakulitaja Jumanne. Lingenisaidia sana.

Nimetafakari. Ile mikono ya jana haikuhesabiwa. Nusu yao walikuwa na chapati mkononi, na mtu mwenye chapati mkononi huo mkono atauinua tu. Uchaguzi gani huo? Na paa litajengwa chini ya utawala wake, nikae chini yake hapo kila siku, nikisikia moshi na shukrani.

Hata hivyo nilitoka kwenda kuomba msamaha. Niliahidi, na mimi si mtu wa kuvunja ahadi. Nikabeba daftari, maana bila daftari ningejuaje milango.

Nikaanza kwa Nasipwondi. Alikuwa anaanika nguo, na kichwani amejifunika kipande cha turubai langu. Akaniangalia, akaangalia daftari, akaangalia kalamu. Akaniuliza kwa adabu kabisa kama hii sasa ni awamu ya pili.

Msamaha ulikuwa tayari mdomoni. Nyuma yangu mlango ukafunguka, na mwingine, na yule mzee wa kilo akatoka akifunga mkanda.

Nikageuza ukurasa mpya, nikamwambia Nasipwondi anipe jina na namba ya kitambulisho.