Wendell Strope Aivua Nguo Nyumba ya Bi Aune

Bati la alumini lililobanduka ukutani, kwenye kona ya nyumba ya Bi Aune Lahtinen lilikuwa likipigwa na upepo wa ziwani, kak! kak! kak! Wendell Strope, aliyekuwa akiendesha gari lake polepole kwenye mitaa ya mlimani ya mji wa Duluth, alilisikia kama mtu aliyeitwa kwa jina. Wengine wangesikia kelele. Wendell alisikia riziki.

Ni haki tumtambulishe. Alikuwa mkurugenzi, fundi, karani na mfagizi wa Kampuni ya Kuta za Milele, ambayo ofisi yake ilikuwa kiti cha mbele cha gari hilo. Aliuza mavazi ya nyumba, yaani mbao za plastiki za kufunika kuta kwa nje. Aliamini ana ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, ila tangu theluji iyeyuke nyoka wote walikuwa wamebaki mapangoni, na sasa Oktoba ilikuwa inaisha na baridi inabisha hodi.

Akabisha naye. Mlango ukafunguliwa na bibi mfupi mwenye aproni na macho ya buluu yasiyopepesa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Mimi? Siuzi kitu! Nimepita tu, nikaona nyumba yako inaumwa."

"Inaumwa wapi?"

Wendell akaenda kwenye ile kona, akachomeka bisibisi nyuma ya bati, akaguna kama daktari aliyegusa uvimbe, kisha akachomoa kipande cha ubao kilichooza hadi kikawa laini kama muhogo uliovunda. Tuseme ukweli: kipande hicho kilikuwa ndani ya mkono wa koti lake tangu asubuhi, na kilishawahi kuugua katika nyumba kumi na moja kabla ya hii.

Bi Aune alikipokea, akakigeuza, akakinusa.

"Sasa nifanyeje, mwanangu? Nikarabati, au nibadilishe?"

"Ukarabati hapa ni kumpaka poda maiti, bibi. Badilisha kuta zote nne."

"Hmm. Ingia kwanza unywe kahawa."

Akamwekea kahawa nzito na mkate mtamu wa iliki, uliosokotwa kama nywele za bibi harusi. Wendell alikula vipande vinne, akijiambia kwamba huo ndio uuzaji wa kitaalamu.

"Marehemu mume wangu, Toivo," bibi akasema, "hakuniruhusu kununua hata samaki aliyefungwa kwenye karatasi. Kwa hiyo funua nione. Nikiona kuoza, nabadilisha. Na wale mawifi zangu wa nyumba hizo mbili za jirani, nikibadilisha mimi, na wao wanabadilisha."

Nyumba tatu! Moyo wa Wendell ukaruka kama samaki kwenye ndoo. Akashusha ngazi na mtaimbo.

Siku ya kwanza alivua ukuta wa kusini. Chini ya mabati zikatokea mbao za mwerezi, nyekundu, kavu, ngumu kama siku zilipopigiliwa.

"Huu unapigwa jua," Bi Aune akamfariji. "Jua lilimwozesha nani? Jaribu wa magharibi."

Wa magharibi nao ulikuwa mzima. "Huu umekingwa na kilima," akasema bibi, akimjazia kikombe.

Mwenye akili angekunja ngazi yake akaondoka. Lakini Wendell alikuwa amelelewa na wahenga, na wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akavua wa kaskazini. Akavua wa mashariki, ule unaotazama ziwa, huku upepo ukimpenya mpaka kwenye magego. Siku ya tano jioni nyumba nzima ilikuwa uchi, inang'aa kwa wekundu, na chini ya mfereji wa paa zilionekana mbao nne zilizooza kweli. Nne tu. Gari la vyuma chakavu likaja likazoa mabati yote, na dereva akampa Bi Aune mkono na bahasha.

"Nimeamua," Bi Aune akatangaza. "Nakarabati."

"Unakara... bibi! Na mawifi zako je?"

"Toivo alizaliwa peke yake, masikini. Nyumba zile ni za watu wanaokuja kiangazi tu."

Wendell akakaa kwenye ngazi ya mlangoni.

"Ulinijua lini?"

"Ulipotoa kile kipande. Kilikuwa msonobari, mwanangu. Hii nyumba ni mwerezi. Nilimshikia Toivo kila ubao, na mimba ya miezi saba. Halafu miaka ikapita, akaja kijana mwenye suti na maneno kama yako, Toivo akakubali kuifunika kwa bati. Alijuta mpaka anakufa. Nami mafundi wa kweli waliniambia bei ya kuvua tu, nikaona sitaimudu maisha yangu yote. Ukaja wewe, na ngazi yako mwenyewe."

Wendell alitaka kukasirika. Akaitafuta hasira huku na huku, akakuta kicheko tu, akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Miaka kumi na tisa ya ujanja, na kumbe alikuwa kibarua wa mkate!

"Hizo mbao nne," akasema akijifuta, "utazipata wapi?"

"Toivo aliacha akiba chini ya nyumba."

Akazipachika mwenyewe kesho yake, bila kuombwa, na akarudi mara mbili barabarani kutazama kama zimenyooka. Zilikuwa zimenyooka. Jambo hilo lilimtia aibu ya namna asiyoizoea.

Jumatatu akahamia upande wa pili wa mji, mbali kabisa, akachagua nyumba ya ghorofa mbili yenye mabati yaliyopauka. Kabla hajabisha, mlango ukafunguka, na bwana mnene mwenye soksi za sufu akamkumbatia.

"Ndiye wewe, bwana wa kuvua bure! Mke wangu kasikia sifa zako kanisani. Wapo na majirani, wamejiandikisha. Wewe ni mtu wa Mungu, kaka!"

Nyuma yake, sebuleni, watu saba waligeuza shingo na kutabasamu. Wendell akafungua kinywa kutoa uongo, na kwa mara ya kwanza maishani uongo haukuja. Akautazama ukuta ule mrefu, akatazama mawingu ya theluji, akakuna kichwa.

"Chakula cha mchana," akauliza, "ni nini?"