Rafiki wa Leni ya Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi wa nne tangu nihamie nchi hii. Kazi ile ile: gari la kampuni ya dobi, mashuka safi kwenda hospitali asubuhi, machafu kurudi mchana. Kilomita arobaini za barabara kuu, leni mbili kila upande. Mimi hukaa ya kulia. Ya kushoto ina malori na viraka, ya kulia laini kama meza. Sijui kwa nini wenyeji wanaiacha tupu. Heri yangu.

Leo jambo kubwa. Gari la kijivu limekuja nyuma yangu, likanipigia taa mara mbili. Kwetu taa mbili ni salamu: habari za safari, ndugu yangu. Miezi minne sijasalimiwa barabarani. Nikainua mkono. Akapiga tena, mara nne. Mtu mwenye adabu zake.

Nilimwambia mke wangu kwenye simu kwamba nimepata rafiki. Akasema afadhali, alikuwa ameanza kuingiwa na wasiwasi. Akauliza anaitwa nani. Nikasema Kijivu. Nikaongeza kwamba ni jina la utani.

Jumanne, 4 Machi

Saa moja na dakika kumi, yule yule. Leo taa na honi pia. Nimepunguza mwendo ili tukae pamoja zaidi. Honi zikaongezeka. Tumekwenda hivyo hadi daraja la pili, kama watu wanaopiga soga. Mwishowe akanipita kwa kushoto na kunionyesha ngumi dirishani. Nimemwelewa: jikaze, usikate tamaa. Alijuaje kwamba nilihitaji kuambiwa?

Nimenunua kiti cha pili. Chumba changu kiko juu ya karakana ya kuziba pancha, na hadi leo kilikuwa na kiti kimoja. Mama mwenye nyumba aliuliza nani anahamia. Nikamwambia hakuna, ni cha mgeni. Aliniangalia, akasema ngazi ni nyembamba, akashika miguu ya kiti tukapandisha pamoja.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Nilicheleweshwa kwenye kupakia. Nilipofika barabara kuu, Kijivu alikuwa mbele, anampigia taa dereva wa gari la mikate. Taa zangu zile zile! Mikate hakuinua hata kidole. Alihamia kushoto, akamwacha Kijivu aende zake. Mtu anakusalimu, wewe unamkimbia. Nilimhurumia Kijivu. Kisha nikajiuliza: kumbe anasalimia kila mtu?

Jioni msimamizi wa magari aliniita. Amepigiwa simu mara tatu juu ya gari langu. Namba yake ya simu imeandikwa mlango wa nyuma, chini ya maneno NINAENDESHAJE? Alisema nabana barabara. Lalamiko moja zaidi, nahamishiwa chumba cha pasi. Kule mashine zinanguruma kutwa na watu wamepeana migongo, hakuna anayemsikia mwenzake. Barabarani angalau naona nyuso kwenye kioo.

Mlalamikaji namjua. Mikate. Wivu mtupu.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu anataka kuongea na Kijivu. Anasema lazima amshukuru shemeji yake kwa kunitunza. Nikajibu kesho, bila wasiwasi wowote. Mdomo wangu huwa unatangulia.

Mpango: karatasi kubwa mlango wa nyuma, TUONANE KITUO CHA MAFUTA, KILOMITA 22. Nimeibandika juu ya namba ya msimamizi. Sasa Mikate naye akitaka kulalamika, hana pa kupigia.

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja. Taa, honi, taa. Nilihofia atapitiliza kituo, kwa hiyo sikumwachia upenyo. Kushoto lori, kulia mimi. Kilomita sita. Kisha nikawasha indiketa, nikaingia kituoni. Akanifuata.

Aliteremka mtu mfupi aliyevaa koti jeupe, mfukoni limeshonwa jina la zahanati ya meno. Alikuja kwa hatua ndefu, mishipa ya shingo imemsimama. Aliuliza kama nina akili timamu. Simu ilikuwa tayari inaita, mke wangu akapokea. Nikamkabidhi.

"Mke wangu anataka kukusalimu."

Aliishika kana kwamba inaunguza. Akasema haloo. Halafu akasikiliza, tena kwa muda mrefu. Akanigeuzia mgongo. Nilimsikia akisema ndiyo, ndiyo, hapana, yuko salama. Mwisho akasema, "Haya, shemeji. Nitamwambia."

Alinirudishia simu. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kaka, leni ile ni ya kupita tu. Ukishapita, unarudi kushoto. Zile taa nilikuwa nakuomba njia. Wiki nzima wagonjwa wangu wananisubiri."

Nikamuuliza, hata zile za Jumatatu? Akasema hata zile.

Hakuondoka mara moja. Aliniambia mke wangu amemweleza kwamba wiki hii nilicheka kwenye simu, na hakuwa amenisikia nikicheka tangu nisafiri. Akaangalia saa. Akasema zile simu kwa msimamizi zilikuwa zake, na hatapiga tena. Kisha akaenda kwa wagonjwa wake.

Mke wangu hakuuliza chochote. Alisema tu kwamba shemeji ni mtu wa heshima, na kwamba nile vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Sina kazi leo. Nimekalia kiti cha kwanza. Nimekalia cha pili. Cha pili ni kizuri zaidi mgongoni.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekaa kushoto, pamoja na malori na viraka. Kijivu amepita saa moja na dakika kumi. Sekunde nne, labda tano. Hakugeuka. Leni ya kulia ikabaki tupu.

Nimeielewa sheria yao sasa. Kila mtu anampa mwenzake nafasi, wanapishana vizuri kabisa, na hivyo hawakutani kamwe.

Lakini pale kilimani lori la tangi la maziwa lilikuwa linaingia kutoka barabara ya pembeni. Nikaliachia njia, kama nilivyofundishwa. Dereva akaniwashia indiketa, kulia, kushoto, kulia. Hapo hakuwa anaomba njia, maana njia alikuwa ameshapewa; ile ilikuwa salamu. Nimelifikiria jambo hili kutwa nzima na sioni maelezo mengine.

Kesho nitatoka mapema. Nikifika kilimani nitapunguza mwendo, hata nisimame kabisa ikibidi, nimngojee. Wakija watu nyuma na honi zao, watusubiri.