Kufuma, Kufumua, Kufumaniwa

Jumatatu, 3 Februari

Sijui kufuma. Haya, nimeandika. Hakuna binadamu aliyewahi kuyasikia maneno haya kutoka kinywani mwangu. Sekondari nzima, kila kipindi cha kazi za mikono, kazi yangu ilikuwa kuwashikia wenzangu donge la uzi. Siku ya kwanza sikuelewa mwalimu alivyozungusha sindano, nikaona haya kuuliza. Siku ya pili ikawa aibu zaidi kuuliza jambo la siku ya kwanza. Basi, hivyo hivyo mpaka nikamaliza shule. Ripoti ikasema: Kazi za mikono, vizuri sana, mtulivu.

Mtulivu! Mama alisoma "vizuri sana" peke yake.

Sasa amewatoa wadogo zangu shuleni, eti wajifunze nyumbani vitu vya maana. Meza ya chakula ndiyo darasa. Yeye hesabu, lugha na kuoka. Baba bustani, akiwahi kutoka kazini. Mimi kufuma. Hakuniuliza! Nilifungua mdomo kukataa, ikatoka "sawa".

Kubwa kuliko yote: Ijumaa Shangazi anakuja kunywa chai. Watoto wasipokuwa na cha kumwonyesha, atahamia hapa awafundishe yeye. Atalala wapi? Chumbani kwangu! Chumba changu chenye komeo, mahali pekee duniani ambapo hakuna anayeniuliza mbona siongei. Na muulizaji mkuu wa swali hilo ni Shangazi.

Hapana. Sikubali.

Jumanne, 4 Februari

Mbinu ya kwanza: nadharia. Nimewaambia wanafunzi kwamba fundi wa kweli huuzoea uzi kwanza. Wamekunja madonge asubuhi nzima.

Wanafunzi ni wawili. Hakimu, mdogo wangu wa kike, ana miaka kumi na mmoja na hutoa hukumu juu ya kila kitu, kuanzia uji mpaka mavazi ya wageni. Kifutio, kitinda mimba, aliitwa hivyo baada ya kula kifutio chake chote na nusu ya cha jirani. Yeye ameuliza kama uzi unalika. Hakimu ameuliza tutafuma lini. Nikamwambia asiwe na papara. Akasema hana papara, ana macho.

Mchana nimejifungia na kitabu cha maktaba, nikafuma skafu ya kijani. Ilianza na upana wa utepe, ikaishia na upana wa taulo. Katikati ina tundu la kupitisha ngumi. Nilipitisha ngumi. Kisha nikaenda kuizika kwenye tuta la karoti. Pale hapachimbwi leo wala kesho.

Jumatano, 5 Februari

Baba amewahi kurudi. Somo: kuvuna karoti. Nani huvuna karoti Jumatano?

Kifutio akavuta majani, ikatoka karoti iliyovaa skafu. Hakimu akasema uzi ule anaujua, ameukunja yeye. Wote wakanigeukia. Nikausikia mdomo wangu ukisema ni jaribio la sayansi, sufu hutunza unyevu ardhini. Baba alifurahi mpaka akavua kofia! Akaikatakata skafu, akazungushia kila karoti iliyobaki. Mama akaandika ubaoni: Sayansi, sufu na unyevu.

Zile zilizovunwa, zimeng'ang'aniwa na nyuzi kama ndevu, zimekwenda jikoni kungoja keki ya Ijumaa.

Nimeokoka. Ila Hakimu hakupiga makofi. Kanikera sana.

Alhamisi, 6 Februari

Mbinu ya pili, na hii ni kiboko. Kufuma sijui, lakini kufumua nani asiyejua? Nimewatangazia kwamba fundi hufumua kabla ya kufuma. Nikaleta soksi kuukuu ya sufu ya Baba. Tafuta mwisho wa uzi, vuta taratibu, kunja donge. Kifutio ana kipaji! Soksi iliisha kabla maji ya chai hayajachemka. Kwa mara ya kwanza nikajiona mwalimu. Nikampa kazi ya nyumbani: kila kilichofumwa, atafute mwisho wake. Autafute tu. Nadhani nilisema "tu".

Kesho nitamwonyesha Shangazi madonge, nimwambie ni fulana walizofuma, zikafumuliwa kwa marekebisho.

Hakimu alikuwa na kamusi. Akasoma "fuma" kwa sauti. Kabla ya kufika "fumua" akakwama kwenye "fumania", akataka maelezo. Nikamwambia kipindi kimekwisha.

Ijumaa, 7 Februari

Naandika kwa hasira.

Shangazi amekuja na sweta lake la zambarau, alilolifuma mwenyewe, refu mpaka mapajani. Akakaa kwenye stuli. "Mwanangu, huo ulimi bado uko likizo?" Wote wakacheka. Baba alicheka kuliko wote, kwa sababu Shangazi ni dada yake mkubwa na anamwogopa.

Nikaonyesha madonge. Nikaeleza. Shangazi alisikiliza huku akila keki, mara akaacha kutafuna. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akavuta. Uzi wa kijani. Akavuta tena. Mrefu! Mama akaomba radhi. Shangazi akaendelea kuvuta. "Wifi yangu, keki hii umeoka au umefuma?"

Ndiyo maana hakuna aliyemwona Kifutio nyuma ya stuli, ulimi nje, anafanya kazi ya nyumbani.

Shangazi aliposimama kwenda kusukutua, sweta lilimwishia kwapani. Kifutio akanyanyua donge la zambarau lenye ukubwa wa kichwa chake. "Dada! Nimeupata mwisho wake!"

Hakimu akasema polepole, kama anayesoma kamusi: "Kufumaniwa."

Jumamosi, 8 Februari

Shangazi amehamia. Eti haondoki mpaka sweta lirudi na watoto wajue kulirudisha. Komeo langu ametundikia mkoba!

Nilipokwenda kuchukua mto, akafunga mlango, akaniwekea sindano mkononi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba alinijua tangu nilipoyashika yale madonge, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe. Kwamba yeye alijifunza akiwa na watoto wawili, kwa kujificha. Kwamba atanifundisha hapa hapa, Mama asijue, na nikishaweza atarudi kwake na chumba ni changu. "Sema tu hujui, mwanangu. Neno moja."

Neno moja! Na chumba changu nyuma yake. Nikafungua mdomo.

Ikatoka "najua".

Akanipa mto.

Jumapili, 9 Februari

Nimelala sebuleni, miguu chini ya ubao wa ratiba. Nina hasira na sufu, karoti, kamusi na ukoo mzima.

Asubuhi Mama ametangaza kwamba baada ya keki ile haoki tena mbele ya wifi yake. Nani atachukua somo la mikate? Shangazi akanitazama mimi, akatikisa kichwa taratibu: usithubutu.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Nikasema mimi! Nikaomba malipo: stoo ya unga iwe chumba changu. Ni ndogo, ina panya, lakini ina komeo.

Nimeisoma pakiti ya hamira mbele na nyuma. Bado sijajua inawekwa kabla ya kukanda au mkate ukishaiva. Si kitu. Kesho naanza na nadharia.

Wewe unayesoma, la kufuma ulilijua, sasa unalijua na hili. Hakimu ameshaanza kuuliza tofauti ya kuumuka na kuumbuka. Tafadhali, usimwambie mtu.